Andiko la Nne la Daktari Telesphori

Nyamtondo, Jumapili, 14 Novemba 1982

Leo naanza kuandika. Nyumbani kwangu amefikia mtu anayeandika kutwa, na mimi Donatus Maige sijazoea kuona mtu anafanya jambo chini ya bati langu ambalo mimi silifanyi. Nilisoma hadi darasa la nne kwa mapadre wa Ushirombo. Madarasa yaliyobaki nimesomeshwa na dunia, na dunia haina likizo. Nimechimba shaba Kilembe, nimebeba pamba bandarini Mwanza, nimetukanwa kwa Kiingereza na kubembelezwa kwa Kihindi. Hapa machimboni mwenye hoteli ni mmoja, na ndiye anayeandika haya.

Mgeni anaitwa Telesphori, daktari wa kemia kutoka chuo kikuu. Nimempa chumba cha nyuma, kile kisichovuja sana. Ana sanduku la bati, mizani ya kupimia unyoya, na miwani iliyofungwa uzi sikioni. Kulipokucha watu walikuwa wamejaa mlangoni na magonjwa yao.

"Mimi si daktari wa sindano," akawaambia.

"Basi wa vidonge," akasema mama mmoja.

"Wala vidonge, mama."

"Sasa udaktari wako umekaa sehemu gani ya mwili?"

Watu walicheka mpaka uji wangu ukaungua. Yeye hakucheka. Alitoa leso akafuta miwani.

16 Novemba

Mvua. Chai imeuzika.

19 Novemba

Nimejua alichofuata. Amefuata zebaki. Hapa mawe yanatwangwa, unga unaoshwa mwaloni, kando ya maji, halafu mtu anamimina zebaki ndani ya karai na kukoroga kwa mkono mpaka dhahabu ikamatwe. Linatoka donge jeupe. Donge unalichoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Kiangazi tunachoma nje. Masika, na mvua hizi, kila mtu anachoma jikoni. Jiko la mke wangu Euphrasia ndilo kubwa kuliko yote, basi nusu ya Nyamtondo inachomea kwetu, na mimi simtozi mtu. Moyo wangu ni kama stesheni, yeyote anashuka.

Daktari alisimama mlangoni mwa jiko akiangalia moshi ukipanda juu ya sufuria la maharage. Akaniuliza, "Baba Generosa, mke wako anapika humu kila siku?"

"Kila siku. Hata Pasaka."

Akasema moshi ule unaingia mwilini, unakaa, na nywele ndizo zinazotunza habari zake. Ukipima nywele za mtu unajua amekula zebaki kiasi gani. Anazitaka nywele za wachimbaji na wake zao, kila fungu na jina la mwenyewe.

Nikamwambia, "Daktari, hapa ungeomba meno ungepewa. Nywele hupati."

27 Novemba

Siku nane amezunguka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, akiomba nywele. Amepata za watu watatu, na mmoja wao alikuwa amelewa. Mtu wa hapa akikupa nywele amekupa kamba ya kumfungia. Nilimwambia. Wasomi hawasikii mpaka wasikie wenyewe.

5 Desemba

Mvua kubwa. Hakuna aliyekwenda shimoni. Tumekaa naye hotelini mchana kutwa tukila karanga, na leo ameniambia kinachomsumbua.

Kule chuoni, mwalimu hahesabiwi kwa kufundisha. Anahesabiwa kwa maandiko yake yaliyochapishwa kwenye majarida ya kisayansi, na kwa mara ambazo wasomi wengine wamemnukuu. Mwezi wa sita kamati itakaa. Asiye na maandiko manne haongezewi mkataba. Yeye ana matatu, katika miaka tisa.

"Na kunukuliwa ndiyo nini?" nikauliza.

"Mwenzako anapoandika akasema, 'kama alivyoonyesha fulani.' Hapo fulani amenukuliwa."

"Aa! Kama manju wa ngoma anapoimba na kulitaja jina la manju mwingine."

"Hivyo hivyo."

"Wewe umeimbwa mara ngapi?"

Akainamia karanga. "Mara nne."

"Miaka tisa, mara nne! Na walikuimba akina nani?"

"Mzungu mmoja. Mhindi mmoja." Akatafuna. "Mara mbili ni mimi mwenyewe."

Nilicheka nikapaliwa. Euphrasia akaja kunipiga mgongoni. Nikamwambia, "Mama Generosa, huyu bwana anajipigia makofi mwenyewe!" Daktari naye safari hii akacheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Kisha akasema andiko lake zuri kuliko yote jina lililotangulia ni la mkuu wake, ambaye hakuwahi hata kulowesha vidole. Basi kila anayelitaja anaandika jina la mkuu, halafu anaongeza "na wenzake."

"Mimi ndiye wenzake," akasema.

Nimempa jina. Kuanzia leo ni Bwana Nawenzake. Lakini nimelala vibaya. Mtu amefanya kazi, jina amepewa aliyekaa kitini. Hilo hata Kilembe lilikuwepo, ila Kilembe hawakuliita elimu.

12 Desemba

Mvua. Binti yangu Generosa ana mafua. Bwana Nawenzake amepata nywele za mtu wa nne. Kumbe ni zangu. Nilimpa, zimeota mvi lakini zina historia.

25 Desemba

Noeli. Hatukufika kanisani, mto umejaa. Tumechinja mbuzi. Daktari ameimba "Gloria" kwa sauti ambayo Mungu mwenyewe ameamua kuisamehe.

8 Januari 1983

Mvua.

9 Januari

Mvua. Duara la mtani wangu Gregory linaingiza maji. Nimemwambia apumzike. Amesema dhahabu haipumziki.

11 Januari

Gregory amekufa. Ukuta wa duara umemlalia asubuhi. Tumemchimba kwa mikono, wanaume wote, matope mpaka kifuani. Alikuwa amekaa, ameegemea sururu yake kama mtu anayesubiri chakula. Mke wake Salvina ana mimba ya miezi mitano. Alisimama ukingoni na hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

13 Januari

Tumezika jana. Ukoo wangu na ukoo wa Gregory ni watani tangu babu wa babu, na kazi ya mtani msibani inajulikana. Wengine wakilia, yeye anachekesha, na kikimpendeza kitu anakichukua, hakuna wa kumkataza. Nililala mahali pa kuchimbwa kaburi nikasema halinitoshi, Gregory aninyooshee miguu. Nikamwambia marehemu amekufa ili akwepe kunilipia chai. Nilichukua jogoo wao nikadai ni shemeji yangu. Dada yake Gregory, Coletha, mwanamke mwenye mdomo wa kukata kuni, alicheka huku machozi yanadondoka kwenye kanga. Ndivyo mtani anavyofuta macho ya watu. Hakuna hospitali yenye dawa hiyo.

15 Januari

Siku ya kunyoa. Nataka kuandika vizuri, maana leo nimefanya jambo kubwa.

Kwetu mtu akizikwa, ndugu zake na wale waliokuwa naye kazini wananyolewa vichwa. Anayenyoa ni mtani. Vichwa vyote vya duara lile, vya wake zao, cha Coletha, cha Salvina, vilipita mikononi mwangu na wembe wangu. Nikaziangalia zile nywele chini. Daktari amekaa miezi miwili akiomba kama maskini mlangoni mwa kanisa, na mimi zimenizunguka miguuni kama mavuno.

Nikasimama nikatangaza kwa sauti, "Nywele hizi nimezipenda! Mimi mtani nazichukua. Zinakwenda Dar es Salaam kusoma chuo kikuu!"

Wakacheka wote. Coletha akasema, "Zikafaulu, zisije zikaishia darasa la nne kama mwenyewe!"

Nikatoa karatasi za daktari. Nywele za kila mtu nikazifunga peke yake, nikaandika jina mbele ya macho yao. Walikuwa wanasogea kusoma. "Andika vizuri, usizifelishe!" Mzee mmoja alinisahihisha jina la baba yake. Salvina alikaa na kichwa chake kipya, kidogo kama cha mtoto, akaniangalia nikifunga zake.

Jioni nikammwagia daktari pakiti zote mezani. Alizishika moja moja.

"Baba Generosa. Hizi ni za watu wa duara moja, wanaume na wake zao. Hakuna mtu aliyewahi kupata hizi. Hapa kuna andiko." Halafu akaniangalia juu ya miwani. "Wamekubali?"

"Wamecheka wote."

"Nimeuliza kama wamekubali, au wamecheka?"

"Kwetu ni kitu kimoja."

Kisha akafungua sanduku la bati, akazipanga ndani. Amesema jina langu litakuwemo kwenye andiko. Nikamuuliza kama ni jina lenyewe au ni "na wenzake." Akasema jina lenyewe, herufi zote. Euphrasia amesikia. Hakusema kitu, na Euphrasia asiposema kitu mimi huwa naangalia mlango uko wapi.

16 Januari

Nimemuuliza Euphrasia. Amesema, "Nywele za msiba zinazikwa kwenye tope, mtani ndiye anayezika. Wewe umezika nini?" Nikamwambia mtani ana ruhusa ya kuchukua chochote. Akasema, "Jogoo, ndiyo."

Wanawake wanapenda kuogopa.

30 Januari

Mvua. Daktari anaandika. Ameniambia atakwenda Dar mwezi wa tatu, mashine ya kupimia iko huko na foleni yake ni ndefu. Anaimba anapooga. Nimemwambia aoge kimya.

16 Februari

Jumatano ya Majivu. Padre amefika kwa pikipiki, matope mpaka masikioni. Katupaka majivu na mvua ikayaosha tukiwa bado tumepiga magoti.

22 Februari

Duara jingine limebomoka. Hakufa mtu, lakini mmoja amevunjika nyonga. Mtoto wa Coletha ana homa haishuki. Watu wanachomea donge ndani kwetu wakiwa kimya, zamani walikuwa wanaimba.

26 Februari

Mkono unaandika polepole leo.

Asubuhi Coletha aliingia hotelini. Kulikuwa na watu tele. Hakunisalimia.

"Mtani, nywele zetu ulizika wapi?"

Nikacheka. "Si nilisema? Zinakwenda Dar kusoma."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akaweka kikombe chini taratibu.

"Acha mzaha," akasema Coletha. "Nakuuliza mahali. Mtoto wangu anawaka moto. Duara limebomoka. Nataka kwenda kuangalia kama mvua imezifukua."

"Coletha, nilitangaza mbele yenu. Niliandika majina, mkasoma wenyewe."

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Mtani msibani hasemi kweli!" Alipiga meza ikaruka. "Ndiyo maana tukacheka! Ungekuwa unasema kweli tungekuua pale pale!"

Nilifungua mdomo. Mimi, Donatus, niliyemjibu mkuu wa stesheni wa Tabora mpaka akanipandisha treni bure. Mdomo ulikuwa wazi na haukuwa na kitu. Coletha akaangalia mlango wa chumba cha nyuma, akanyoosha kidole, sauti ikamshuka. "Zimo humo. Nywele za msiba wa ndugu yangu... za mjane wake. Zimo ndani ya sanduku la mgeni."

Mchana mwano ukapigwa, ule ukelele wa hatari unaorukia kilima hadi kilima. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja na pinde na filimbi.

27 Februari

Mkutano umekaa chini ya mvua, hakuna aliyeondoka. Mtemi wa sungusungu ni Mzee Mageni, mtu wa haki, namjua tangu tukiwa vijana. Hapendi kelele. Akauliza kila upande. Daktari akaruhusiwa kusema. Alieleza zebaki, moshi, ini, figo, mimba. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha redio. Watu walimsikiliza kama wanavyoisikiliza redio.

Mzee Mageni akauliza, "Daktari, nywele hizi ukizipima, mwenye kichwa anapata nini?"

"Elimu itapatikana, mzee. Itachapishwa. Wengine duniani watasoma, watanukuu..."

"Nimeuliza mwenye kichwa."

Daktari akafuta miwani kwa leso iliyolowa. Ikazidi kuchafuka.

Hukumu: Jumatano nywele zote zirudi mkononi kwa wenyewe. Zisiporudi, Donatus anatengwa. Hakuna wa kumpa moto, chumvi wala salamu, yeye na nyumba yake. Mgeni ataondoka zake, mgeni hatengwi, hakuwa ndani.

28 Februari

Hakuna mteja hata mmoja. Chai nimekunywa mwenyewe.

Nimemuuliza daktari, "Ulijua?"

"Niliuliza," akasema. Baadaye sana, nilikuwa nimesahau kama tulikuwa tunazungumza, akasema, "Niliuliza mara moja. Jibu nililipenda, sikurudia swali."

2 Machi, Jumatano

Alfajiri nimesikia mnyororo wa baiskeli. Nikatoka. Sanduku la bati lilikuwa limefungwa kwenye kerea, na daktari amevaa viatu vya safari. Basi la Masumbwe linaondoka mapema.

Sikumzuia. Nilisimama tu na shuka langu.

"Nikienda nazo," akasema, "nina andiko la nne."

"Ndiyo."

"Watakufanya nini?"

"Umesikia."

"Twende wote basi. Dar utapata kazi, wewe hukosi kazi."

"Na Euphrasia nimfunge wapi? Kerea imejaa."

Akakaa juu ya jiwe la kunolea visu. Mimi nimewaona watu wenye njaa ya dhahabu. Nimewaona wakishuka shimo ambalo maji yanaingia yakibubujika, kwa sababu jana waliona chembe moja ikimeta. Gregory alikuwa na macho yale. Sikujua kama chuo kikuu nacho kina wachimbaji.

"Niachie kumi tu," akasema. "Waambie zilipotea. Ng'wanawane, kumi tu." Neno hilo la Kisukuma, mwana wa kwetu, alilitoa wapi sijui, nadhani kwa Generosa.

"Majina kumi yepi, daktari? Chagua wewe. Mimi nitakwenda kuwaambia."

Alikaa. Kuku wakashuka mtini. Basi nadhani lilikuwa limeshaondoka alipoinuka. Akaigeuza baiskeli, yeye mwenyewe, ikaangalia njia ya kwa Coletha. Nilimsaidia kusukuma maana ilikuwa nzito kwenye tope.

Walikuwa wamekusanyika wote. Daktari alifungua sanduku akaanza kuita majina kama mwalimu anayerudisha mitihani. Kila aliyeitwa alikuja, akapokea pakiti yake, akafungua kuangalia, akarudi nyuma. Hakuna aliyesema asante, na hakukuwa na sababu. Coletha alipokea yake bila kumtazama usoni. Nami niliitwa! Alinirudishia zangu, zile za Desemba. Nikasema mimi nilitoa mwenyewe. Akasema, "Zote, Baba Generosa."

Ya mwisho ikawa ya Salvina. Alikuja polepole, tumbo limekua. Hakunyoosha mkono.

"Unataka kuona nini ndani ya hizi?"

"Zebaki, mama. Mume wako alichomea ndani, nawe ulikuwemo."

"Ukiiona, nani anaambiwa?"

Daktari akatazama chini. "Wanaosoma majarida."

"Mimi sijui kusoma. Ukiiona utakuja kuniambia mimi?"

"Mama, nywele za mtu mmoja hazitoshi kuandika. Mmoja si utafiti."

"Sikukuambia uandike." Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Nimekuuliza kama utakuja."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Akasema, "Nitakuja."

Salvina akasema, "Basi hizo ni zangu na nimekupa. Mtani asiguse."

Nyingine zote walinikabidhi nikazizika mimi, kwenye tope la mwalo, mbele ya macho yao, bila neno hata moja la utani. Mtani bila utani ni kama mtu uchi. Nilizika nikiwa uchi.

3 Machi

Ameondoka. Sanduku jepesi mno, lilikuwa linaruka kwenye kerea. Mimi nikamwambia, "Safiri salama, Daktari." Jina lile la utani halikunitoka.

20 Machi

Mvua. Wateja wamerudi, wachache. Wananisalimia. Nikisema jambo la kuchekesha wananiangalia kwanza usoni.

3 Aprili

Pasaka. Salvina alikuja kukaa na Euphrasia jikoni. Nimewaambia wanaochoma donge wangoje atoke. Wamesema nje kuna mvua. Nikasema basi mvua iwanyeshee. Ni mara ya kwanza nimemnyima mtu jiko langu, na sikujisikia mkubwa.

28 Aprili

Redio inasema wahujumu uchumi wanakamatwa kila mahali. Wanunuzi wa dhahabu wamepotea kama panya. Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Nimepiga mahesabu ya mwezi wa sita wa daktari. Maandiko matatu ni matatu tu.

9 Mei

Salvina amejifungua mvulana. Ameitwa Gregory. Mdogo, ananyonya kwa shida.

1 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Vumbi la kwanza.

19 Juni, Jumapili

Tumetoka kusali, nikaona mtu anakuja anakokota miguu kutoka barabara ya Masumbwe, miwani ina uzi mpya. Hana sanduku. Ana kifurushi na mwavuli.

Nilimkimbilia. Sina aibu kusema nilimkimbilia. "Daktari! Kamati?"

"Imekaa," akasema. "Kwa sasa niite Telesphori."

Nilimwita ndani ale. Akakataa, akauliza nyumba ya Salvina.

Tukaenda watatu, na Euphrasia. Salvina alikuwa amekaa mlangoni na mtoto. Telesphori akakaa chini kwenye vumbi, sawa naye, akamwambia. Wiki ya mwisho kabla ya kurudisha ufunguo wa maabara, alipima nywele za Salvina peke yake. Zebaki ni nyingi, mara nyingi kupita inavyostahili. Akamwambia imeingia zaidi miezi ya mvua, nywele zilizo karibu na ngozi ndizo zilizojaa. Akamwambia imepita kwenda kwa mtoto tumboni. Hakupamba. Kwa kila neno lake Salvina alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mizigo na kuipanga.

"Atakuwaje?"

"Sijui, mama. Huenda akachelewa kutembea, huenda kusema. Huenda asipate kitu. Mpeleke hospitali ya misheni wamwangalie, nitakuandikia maelezo. Na usiingie tena ndani ya moshi ule. Hata siku moja."

"Umetoka Dar kuja kuniambia hayo tu?"

"Ndiyo."

Salvina akamgeuza mtoto. "Na wale uliowarudishia?"

"Wao sijui. Zimezikwa."

Akanyanyuka, akamkabidhi Euphrasia mtoto, akajifunga kanga. Hakusema anakwenda wapi. Tulimwona akiingia kwa Coletha.

20 Juni

Nimeamka nimekuta watu mlangoni. Wengi kuliko siku ile ya sindano. Coletha mbele, na kitu amekifunga kwenye jani la mgomba.

"Yuko wapi?"

Telesphori akatoka, shati halijafungwa vifungo.

Coletha akaweka jani mezani. "Nimekata mwenyewe. Na hizi za mtoto. Hakuna mtani aliyepita hapa."

Nyuma yake wakaja wengine. Karatasi, vitambaa, kiberiti kitupu. Wake wa duara la Gregory, wanaume wao, watu wa duara la juu ambao hata siwajui majina. Mzee Mageni mwenyewe, mwenye nywele saba kichwani, alileta tatu. Euphrasia akaondoa vikombe ili nafasi ipatikane, halafu akafungua kilemba chake mbele za watu, akachukua mkasi wa jikoni, akakata.

Telesphori alisimama na mikono chini. "Sikilizeni," akasema. "Mimi si mtu wa chuo tena. Sina mashine. Ufunguo nimerudisha. Mngenipa hizi mwezi wa kwanza..." Akaacha. "Sina pa kuzipeleka. Mnanisikia? Sitaki mje mseme niliwadanganya."

"Tumesikia," akasema Coletha. "Kwa Salvina ulirudi."

Akarudia yote mara ya pili, polepole, kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Safari hii aliuliza kila mmoja kama ameelewa, na akangoja kila mmoja ajibu kwa mdomo wake. Ilichukua asubuhi nzima. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyechukua chake akaondoka.

Mwisho akavuta kiti. Akaniomba kalamu. Akamuuliza Coletha jina la baba yake linaandikwaje.